Maneno Aliyoyakata Mwaniki

Sogeeni, wanangu, na wewe Wanjira acha kulia, machozi yana siku yake. Mwaniki, usisimame mlangoni kama mgeni. Kaa hapa nikuone, maana leo nasema yanayoniaibisha, na mficha uchi hazai.

Biashara hii ya mbao haikuanza na injini. Ilianza na shimo: marehemu baba yenu Mutugi juu ya gogo, mdogo wake Kithinji chini shimoni, wakivuta msumeno mmoja, na vumbi lote likimwingia Kithinji machoni wala asiseme hata siku moja tubadilishane. Gogo lilipomuua baba yenu, watu wa Gakoromone walinong'ona, sasa Kithinji atameza kila kitu. Kumbe! Ni yeye aliyewalisha, akamsomesha Mwaniki mpaka akawa mkalimani wa wazungu. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Halafu ikaja hii Hali ya Hatari. Asubuhi ile D.O., yule mzungu mkuu wa wilaya, alipoingia uani na askari wake, aliuliza Kithinji yuko wapi. Nikajibu kwa Kimeru chetu: amekwenda msituni kuangusha mti wa viti vya kanisa, jioni atarudi. Mwaniki, wewe ndiye uliyetafsiri. Ukasema, "Yuko msituni," ukafunga mdomo. Katika nyumba hii neno hilo tangu zamani maana yake ni kazi; lakini siku hizi mtu wa msituni ni mtu wa bunduki anayepigana na wazungu, na mkalimani hawezi kusema hakujua. Jioni baba yenu mdogo akarudi na shoka begani, wakamtia pingu, na mpaka leo yuko kambini kizuizini. Haukupita muda, kibao cha langoni kikawa na jina lako peke yako.

Nami nikafanya nini? Nikala! Nikavaa leso mpya, nikaketi benchi ya mbele kanisani, na mkewe Alice akipita na mzigo wa kuni nikainamisha uso. Lo, haya niliyo nayo, wanangu! Natamani ardhi inifunike kabla hajaja kunililia.

Basi sikilizeni. Uwanja na mashine ni nusu kwa nusu: ya baba yenu ni yenu, Wanjira akiwemo, nusu ya pili ni ya Kithinji, na Alice aishike tangu kesho. Kibao king'olewe. Mimi msinipigilie jeneza la mbao zile, nifungeni blanketi.

Njoo Wanjira, fungua viganja nikutemee mate ya baraka. Uzae, ushibe, wageni wasipite mlango wako. Basi... pumzi inanikimbia.

Hapana, Mwaniki, rudisha mikono. Yako nimekuwekea. Nenda kwanza kwa D.O., ukamwambie maneno yangu yote ya asubuhi ile, ya viti na ya jioni, hata wakikufunga wewe. Ukirudi nitakutemea. Mbona umeinama? Kimbia, mwanangu... mdomo unanikauka.