Wulfrun, Mfagizi wa Kaburi la Mtakatifu Cynwara

Wapendwa, naomba vichwa viwe chini nikisoma. Abate, mkuu wa monasteri, amekuja mwenyewe kuzika. Lugha yetu haijui, na mkalimani wake leo anaumwa tumbo, lakini nyuso anazisoma. Mwenye machozi na alie.

Mama yangu, Wulfrun, alizaliwa hapa Aldermere mwaka 1024, wiki ya kuvuna shayiri. Shule hakuiona. Bibi yake alimfundisha sala, na kufagia kaburi la Mtakatifu Cynwara, kazi aliyoifanya miaka arobaini. Mwaka 1046 aliolewa na marehemu baba yangu Thurgar, mtega samaki wa mikunga, wakanipata mimi, Ordgar, peke yangu.

Wanormani walipovuka bahari na kuitwaa nchi yetu, tukaletewa abate huyu. Mwaka 1078 alitangaza kwamba watakatifu wetu hawajui, hata majina yao hayatamkiki, na mifupa yao itapimwa kwa moto. Ikiungua, basi si watakatifu. Asubuhi hiyo mama aliingia na ufagio na kapu, kama kawaida yake. Akatoka na Cynwara chini ya takataka. Kwenye kitambaa cha mtakatifu alifunga mifupa ya kondoo aliyoitoa jikoni.

Moshi ulipopanda, baba alimnong'oneza, "Mama Ordgar, abate anachoma supu yetu."

Mama hakucheka. Sikukuu ya Cynwara ikafutwa, nanyi mkamlilia mkidhani ameteketea. Mama aliwatazama mkilia akanyamaza miaka saba, maana neno moja tu lingemfikia abate.

Mama kifua kilimbana tangu Kwaresima ya mwaka huu, 1085. Juzi aliniita.

"Mwanangu, kama ni mtakatifu kweli, si moto ungeshindwa?"

"Ungeshindwa, mama."

"Basi mimi niliogopa usishindwe. Nikikutana naye nitamwambia nini?"

"Mwambie uliogopa. Sisi sote tunaogopa."

Alifariki jana asubuhi, mkono ukiwa juu ya lile kapu.

Ameacha mwana, mkwe na wajukuu wanne. Ameacha pia Cynwara, ambaye sikuwa na pa kumweka. Amelala miguuni pa mama humu jenezani. Naogopa. Abate akishtuka, safari hii atamchoma Cynwara mwenyewe. Wabebaji, tembeeni taratibu, pasisikike kitu kikigonga. Abate akiinua maji ya baraka, hapo ndipo tupige magoti. Atadhani tunamheshimu yeye, naye atakuwa anawabariki wote wawili.

Walale salama, mama na mgeni wake.