Uraka Waliouita Dawa ya Tumbo

Wakubwa wote shikamooni. Wenzangu wa kikundi chetu cha wagonjwa, nimetoka kwetu Makote kwa miguu yangu mwenyewe, na nina jambo limenikaa kooni kama tapishi. Mwenye andazi mkononi aliweke chini kwanza.

Nilikatwa titi, halafu nikaanzishiwa dripu za saratani. Ndugu zangu, nawaambia, uvimbe wenyewe haukunidhalilisha kama tumbo. Nilitapika mpaka nyongo. Nikaharisha mpaka nikawa natandikiwa nailoni, mtu mzima mimi, mama wa watoto. Mdomo vidonda vitupu, uji una ladha ya msumari wenye kutu. Pua nayo ikafa. Nikawa sijui kilichooza wala kilichoiva.

Daktari akaniambia wazi: "Mama Zuhura, ukirudi umekauka hivi, sikutundikii dripu. Na tukikatisha matibabu, ugonjwa utakurudia." Roho yangu ikawa imening'inia hapo. Tumbo litulie, au nife.

Akasema kuna vidonge vyenye bakteria wazuri, vinawasaidia baadhi ya wagonjwa kupunguza kuharisha, ila lazima anipime damu kwanza. Mimi shule niliiacha mapema. Nikarudi nikamweleza wifi yangu Somoe kama nilivyoelewa: kuna dawa ya wadudu wazuri.

Somoe akajipiga paja. "Wifi, si ungesema! Mume wangu anayo. Wadudu hai kabisa, ukifungua tu wanachemka!"

Akaniletea chupa. Kweli, ikatoa povu. Nikawa nakunywa asubuhi na jioni. Mshamu, huyo mumewe, akipita ananiuliza, "Shemeji, wadudu wanafanya kazi?" Halafu anacheka. Nikadhani ananichangamsha.

Kazi walifanya. Tumbo lilifunguka kama bomba lililopasuka. Damu ikaanza kuonekana. Somoe anasimama mlangoni, khanga puani: "Vumilia wifi, uchafu unatoka. Lakini unanuka, jamani!"

Akaja mjomba wangu kutoka Chiwata, mtu aliyeacha ulevi zamani. Hata pole hakumaliza. Alifungua chupa, akanusa, akaifunga.

"Nani kakupa hii?"

"Somoe. Dawa ya tumbo."

"Mpwa wangu, dawa gani? Mimi na hii tulishapeana talaka. Hii uraka!"

Uraka, jamani! Maji ya mabibo yaliyochacha! Mimi niliyekulia kwenye mikorosho, harufu ile nikishiba nayo kila msimu, nimeinywa nisiijue. Na wao walijua sinusi kitu, nilikuwa nawalilia kila siku. Mwislamu, mgonjwa, mwili hauna kinga, wananinywesha pombe iliyokamuliwa kwenye ndoo yenye nzi. Nikatapika palepale, na safari hiyo dripu haikuhusika.

Mjomba akanipakia kwenye bajaji, akanishikilia njia nzima mpaka hospitali. Daktari alifoka: "Damu yako haina askari wa kinga! Sasa hivi hata vile vidonge nisingekupa, hao bakteria wazuri wangeweza kukugeukia. Sembuse takataka hii!" Wakanirudishia maji mwilini na kunitibu. Askari wa damu walipoongezeka ndipo akaniandikia vidonge. Sitawadanganya, kichefuchefu hakikwisha. Lakini kuharisha kulipungua, nikaamka shuka kavu nikalia kwa furaha, na dripu zikaendelea mpaka ya mwisho.

Namshukuru mjomba. Namshukuru daktari, na muuguzi yule aliyenisafisha bila kuziba pua. Na ninyi mliokuja kunipikia uji nikautema mbele yenu, mkapika tena, Mungu awaone.

Somoe na Mshamu sijawasamehe. Msiniambie ni ndugu. Mpaka leo wanawauzia wagonjwa chupa zilezile, na mtu akisita Somoe anamwambia, "Muulize wifi yangu Mama Zuhura. Si yule, kapona?"

Basi nimekuja mniulize. Mgonjwa mwenzangu, kitu chochote cha kuingia tumboni, hata kikisifiwa vipi, daktari wako akijue kabla mdomo haujakijua. Na akija mtu na chupa ya povu akakutajia jina langu, mwambie: tumemuuliza, akatema mate.