Mama Wadudu na Wiki ya Mwezi wa Sita

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na nimesimama hapa kwa sababu watoto wake wamenituma niwasomee maisha ya mama yao, ingawa ndani ya maisha hayo kuna jambo nililomtendea ambalo yeye hakulijua, nao wamelijua juzi tu, nami niliwaambia kwamba wakiona aibu nitaliruka, binti yake mkubwa akasema, "Mjomba, soma yote."

Dada yetu alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, mtoto wa pili na msichana pekee kati ya watoto watano wa karani wa posta na mkewe mshonaji, akaanza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza mwaka 1971, akaingia sekondari ya wasichana, ambako walimu walimsifu kwa mwandiko wake na kwa namna alivyochora wadudu katika somo la biolojia, mguu kwa mguu, bawa kwa bawa, lakini baba alipofariki Oktoba 1973 aliacha masomo akiwa kidato cha pili, akarudi nyumbani kumsaidia mama kushona.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha kufunga chambo, na kwa wale msiokijua, hapo ndoano ndogo hubanwa kwenye jiriwa, ikazungushiwa uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za mnyama, mpaka ifanane na mdudu wa mtoni, kisha ikapelekwa nchi za mbali kwa watu wanaovua samaki kwa starehe. Wafanyakazi hawakuziita chambo, waliziita wadudu, na ndiyo maana mtaa mzima ulimjua dada kwa jina la Mama Wadudu, jina alilolikataa miaka miwili ya kwanza, baadaye akawa haitiki kwa jingine. Alikaa safu ya dirishani, meza ya nne, na mwaka 1991 akafanywa mkaguzi, kazi yake ikawa kuchukua mdudu mmoja katika kila kumi na wawili na kumtia kwenye bilauri ya maji aone kama anaelea sawasawa, na bilauri ile ndiyo maji pekee ambayo yeye na wenzake waliwahi kuwaona wadudu wao ndani yake. Kwa kazi ya mikono yake mimi, niliyekuwa na miaka sita alipoajiriwa, nilisomeshwa mpaka chuo, nikajifunza lugha ya kigeni ambayo hadi leo ndiyo inayonipa kazi ofisini.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1984 na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za kiwanda na kurudi mara tatu kutengeneza taa isiyo na kasoro yoyote, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni muuguzi, kijana ambaye ni dereva wa malori, na binti mdogo ambaye ni mwalimu, na wajukuu watano, mpaka shemeji yetu alipotutoka tarehe 11 Mei 2009. Dada alistaafu tarehe 30 Juni 2018, baada ya miaka arobaini na miwili, macho yakiwa yamechoka lakini vidole bado vikifunga hewani akiwa amekaa kimya, kama wengi wenu mlivyoona.

Novemba 2022 alinitembelea nyumbani, akakataa chai, jambo lililonitisha, akaniambia anataka kusafiri kwenda kwenye mmoja wa mito aliyoisoma maisha yake yote kwenye lebo za maboksi, akae ukingoni na mwongozaji wa wavuvi, atazame samaki akimchukua mdudu aliyefungwa na yeye. Si kuvua sana, alisema, samaki mmoja tu anatosha, maana miaka yote hiyo waliambiwa na watu kwamba wadudu wao ni wazuri, hajawahi kuambiwa na samaki. Alijua nina lugha, akanikabidhi barua zote, nami ndiye niliyekuwa nifuatane naye.

Nataka mjue kwamba ule ulikuwa wakati wa furaha katika nyumba yake, alinunua daftari, akaandika orodha, mwongozaji alipoomba urefu wake, kiuno na namba ya kiatu ili amtafutie suruali ya kuingilia majini, alicheka na kuuliza kama anakwenda kuvua au kuolewa, na kila asubuhi alikwenda uwanja wa shule akiwa na fimbo ya kuvulia ya kuazima kiwandani, akijifunza kuurusha uzi bila ndoano, huku jirani yake muuza mkaa akimpigia kelele, "Mama Wadudu, hapo umepata nyasi!" Jirani huyohuyo aliposikia kwamba huko samaki akishavuliwa hurudishwa majini, alishika kiuno akasema, "Yaani upande ndege, umsumbue samaki wa watu, halafu umwambie pole, nenda zako?" naye dada akamjibu, "Si na wewe unanisumbua kila siku na hujawahi kuniambia pole."

Sasa nafika kwenye lile jambo. Tarehe 17 Januari 2023 mwongozaji aliandika kwamba ana nafasi mbili, wiki ya tarehe 5 Juni na wiki ya tarehe 4 Septemba, akaeleza kwamba ya Juni ni bora kwa sababu ndipo wadudu wenyewe wa mtoni hutoka kwa wingi, naye samaki hula juu ya maji mbele ya macho yako, lakini Juni ofisini kwetu kulikuwa na ukaguzi, nami sikutaka kwenda kwa mkuu wangu kuomba ruhusa wakati huo, nikamjibu mwongozaji kwamba tunachukua Septemba, kisha nikamwambia dada kwamba Juni imejaa. Nilijiambia ni kwa ajili ya kikohozi chake, ambacho wakati ule kilikuwa kidogo, na kwamba kufikia Septemba kitakuwa kimepoa, lakini kikohozi nilikikumbuka baada ya kujibu, si kabla. Dada akafuta neno Juni kwenye daftari lake kwa kifutio cha mjukuu, akaandika Septemba.

Kikohozi hakikupoa, tarehe 25 Mei alipimwa, akakutwa na uvimbe kwenye pafu la kushoto uliokwisha kusambaa, na daktari, ambaye hakutuficha, alituambia kwamba kama kuna safari basi iwe ndani ya wiki mbili tatu, maana baada ya hapo hataweza. Pasipoti ilikuwa tayari, kibali cha kuingia tulikuwa nacho tangu Machi, siku ile alipoulizwa dirishani ubalozini anakwenda kufanya nini huko akajibu, "Kuangalia," na yule ofisa akagonga muhuri. Siku hiyohiyo ya vipimo nilimwandikia mwongozaji nikimwomba wiki ya Juni, nikamweleza kila kitu, naye akanijibu kwa masikitiko kwamba wiki ile ilichukuliwa Februari na familia ya watu wanne, kwamba amewaomba wampishe siku moja tu, lakini nyumba za wageni zote za pale zimejaa na hakuna pa kumlaza mgonjwa. Kwa hiyo nililomwambia dada Januari likiwa uongo, Mei lilikuwa kweli, na mimi, nawaomba mnisikie vizuri hapa, nilihisi nafuu.

Alilazwa tarehe 2 Julai, wodi ya pili, kitanda cha ukutani, na Jumapili tarehe 6 Agosti, nikiwa namlisha uji, aliniuliza kwa sauti isiyo na lawama, "Hivi ile Juni, kweli ilijaa?" Nilikuwa na nafasi yangu hapo, kijiko mkononi na hakuna mtu mwingine karibu, nikamjibu, "Ilijaa, dada, nimeuliza tena mwezi wa tano," na kila neno katika jibu lile lilikuwa sahihi. Akatabasamu, akasema, "Basi mto wenyewe ni mzuri, watu wanaugombania," akaomba maji. Alifariki Jumatano tarehe 16 Agosti 2023, saa nne asubuhi, siku kumi na tisa kabla ya safari, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili kwa ukweli wao na upole wao, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, hasa wa safu ya dirishani, waliokuja kila Jumamosi, majirani zake, na muuza mkaa ambaye tangu juzi hajaweza kufungua duka lake, na mwongozaji, mtu ambaye hatujamwona, aliyeandika kwamba tarehe 4 Septemba hatampa mtu mwingine nafasi ile, atakaa ukingoni peke yake. Sikuyasema haya ili nipewe pole, na wanaoona sikupaswa kuyasema leo huenda wana haki, ila nilishindwa kumzika nikiwa nimelificha jibu langu nyuma ya kitu kilichokuwa kweli.

Dada, ile Juni, nilipouliza Mei, ilijaa. Januari nafasi ilikuwepo, nami ndiye niliyekunyima. Upumzike kwa amani, mimi nitaitafuta yangu.