Wanasoma kwake, wananunua Asiatique

Foleni ya basi la Kibenga haikuwa ikisogea. Mbele yangu kijana alikuwa akimlalamikia mama muuza vyombo vya umeme wa mtaa wa Asiatique.

"Mi niko na site ya internet, mama. Naandika juu ya blenda, naweka lien ya kubonyeza, inapeleka mutu ku duka la mbali. Mutu akipitia pale akinunua, wananipa komisheni. Niliacha kazi ya kufundisha sababu ya hiyo. Watu wanasoma, hakuna mwenye ananunua."

"Kumbe ni we!" mama akashangaa. "Wananunua sana! Wanakujaka kwangu na picha zako mu simu, tunapatana bei."

Foleni nzima ikainamisha macho; wengi wetu tulikuwa na blenda za mama nyumbani.

Basi likafika. Mama akamshika bega bila ubaya wowote. "Blenda zimeniishia, mutoto wangu. Sasa andika juu ya pasi."