Demetria Aliomba Dawa, Akapewa Friji

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Dada Demetria Kamugisha anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei. Kamati ya sherehe imenisisitizia niandike hotuba hii kwa furaha. Nitajitahidi, lakini nina hasira, jamani, na sioni sababu ya kuificha.

Kampuni yetu ya Brenholt ina makao makuu Ulaya na viwanda vya dawa karibu kila bara. Kwenye kalenda zake inajiita rafiki wa mtoto. Huku Temeke na Kinondoni rafiki mwenyewe alikuwa Demetria. Ndiye aliyeitangaza dawa yetu ya maji ya kifafa, zahanati kwa zahanati, enzi ambazo mtoto akianguka watu walikimbilia kwa mganga kutoa mapepo. Tandale aliwahi kutimuliwa kwa ufagio. Kesho yake akarudi, akakaa na akina mama sokoni, akawa anawasaidia kumenya viazi huku akiwaelimisha. Kumenya hajui mpaka leo, na walimcheka sana, ila walimsikiliza.

Talha wa Mwananyamala, mtoto wa Bi Zubeda, alikuwa akianguka kila mara. Sasa yuko darasa la kwanza, na mwalimu analalamikia utundu wake tu. Vidonge bado vinamshinda kumeza, anategemea hiyo ya maji.

Mwezi uliopita makao makuu yaliiondoa dawa hiyo nchini, eti soko letu ni dogo. Soko! Watoto wa watu wanaitwa soko. Na makatoni yaliyobaki ghalani Chang'ombe, ambayo muda wake haujaisha, yatachomwa moto, eti ndio utaratibu.

Hapa kwetu anayestaafu hununuliwa friji. Demetria aliikataa, akaomba apewe makatoni hayo ayapeleke zahanati. Mkurugenzi akamjibu kwamba zawadi ni friji. Hivi mtu mzima unasemaje hivyo bila haya? Friji yenyewe hiyo hapo ukumbini, imefungwa utepe mwekundu.

Dada Demetria, asante kwa kazi yako, na asante kwa kukataa kutabasamu kwenye picha ya kukabidhiwa. Kapumzike Tandika, ufuge kuku wako, Mungu akupe afya na uzee wenye raha.

Nanyi wakubwa wetu wa meza ya mbele, Bi Zubeda tumemwalika. Yupo meza ya mwisho, na Talha yuko naye. Kabla hamjakata keki, nendeni mkamwambie wenyewe kwamba dawa ya mwanawe mnaichoma.