Makala ya Arobaini na Mlango wa Chumba Namba Saba

Ijumaa hii, tarehe 30, saa kumi jioni, Daktari wetu, mtafiti wa kumbukumbu na maamuzi, atarudisha funguo za chumba namba saba baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hadi Jumatatu alikuwa amechapisha makala thelathini na tisa. Ya arobaini ilikuwa kwa wahakiki, imesharudishwa mara mbili, na siku zilikuwa zinakwisha. Jumanne barua ikaja. Imekubaliwa! Alipiga kelele hadi mlinzi wa getini akapanda ngazi mbio akidhani kuna moto.

Maisha yake yote ya kazi ametaka kujua kwa nini mtu hukumbuka hiki na kusahau kile, na jinsi kumbukumbu hiyo inavyomsukuma anapochagua. Tulimwita Mama Rudia, kwa kuwa hakuwahi kuridhika na jaribio lililofanywa mara moja. Hata chai aliionja mara mbili kabla ya kukubali kwamba sukari imetosha. Na bingwa huyuhuyu wa kumbukumbu alitafuta miwani yake kila asubuhi, nami wa mapokezi nikamwonyesha iko kichwani.

Moja ya makala zake za mwanzo ilimpa jina kubwa. Ilisema mtu akikaa kimya nusu saa kabla ya jaribio, hukumbuka maneno mengi zaidi na huchagua vizuri zaidi. Magazeti yaliiandika, na maombi yake ya uprofesa yalikuwa tayari mezani kwa wakubwa. Siku hizo mume wangu, seremala wa taasisi hii, alikuwa akitengeneza mguu wa benchi la koridoni, pale washiriki walipokaa kimya ile nusu saa wakisubiri zamu. Akaingia kwa Daktari na nyundo mkononi, akasema, "Daktari, mimi sijafanya mtihani lakini nimefaulu." Akayataja maneno yote ishirini ya jaribio, kuanzia ndoo, kofia, ngazi, bila kukosa hata moja. Mlango wa chumba namba saba ulikuwa mwembamba mno, sauti ilipenya. Waliokaa benchini walikuwa wameyasikia maneno kabla ya kuitwa.

Tuliojua tulikuwa watatu tu: Daktari, mume wangu na mimi. Daktari alikwenda kukaa kwenye benchi lile, akasikiliza mwenyewe, kisha akaliandikia jarida kuomba makala yake ifutwe. Rafiki yake mmoja alimwambia, "Dada, si ungenyamaza tu?" Akajibu, "Ninyamaze vipi, na seremala anajua?" Uprofesa ukamsubirisha miaka sita. Kwenye orodha yake makala ile bado ipo, imepigwa mstari. Haihesabu, wala hataki iondolewe.

Mume wangu alimtengenezea mlango mpya, mbao mbili na godoro katikati, na jaribio likarudiwa kwa watu mia mbili na kumi. Kumbe mapumziko yalisaidia kidogo tu. Ila walioapa kwamba wanakumbuka barabara ndio waliochagua haraka na kukosea zaidi! Makala hiyo inasomwa vyuoni hadi leo. Ya arobaini imewafuata watu walewale hadi uzeeni. Fundi viatu mmoja alikuja na mkongojo, akatangaza mapokezi kwamba ndoo, kofia na ngazi anazo bado, aitwe haraka.

Jumanne, kelele zilipotulia, Daktari alinishika mkono, akanikalisha chumbani kwake na kufungua ukurasa wa mwisho, penye shukrani. Akanisomea kwamba kazi hii isingekuwapo bila seremala aliyesikia kila kitu na asinyamaze. Mume wangu ana mwaka na miezi miwili tangu atutoke. Daktari aliusoma mstari ule, akafuta miwani, akaurudia.

Asante, Mama Rudia, kwa miaka yote hii na kwa mstari ule. Nenda ukapumzike, safari hii bila kupimwa na mtu. Tunakuombea afya, furaha na siku nyingi, na nyumbani awepo wa kukuonyesha miwani ilipo. Mlango tutautunza.