Mzee Pitisha Akabidhi Muhuri

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika forodha, Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mzee Pitisha anastaafu. Jina lake la kwenye mshahara lipo, lakini ukilitaja hapa mpakani watu wataulizana ni nani huyo. Madereva wa malori ndio waliompachika hilo jingine, nalo likamganda.

Alianza kazi zama zile lori likishushwa mizigo kwetu, likipakiwa upya, kisha likivuka daraja linashushwa tena kwa jirani. Nyanya zikioza, sisi tunagombea mamlaka. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania, kikao baada ya kikao, kwamba maofisa wa nchi zote mbili wakae meza moja na mzigo ukaguliwe mara moja tu. Wakubwa walimwona msumbufu, lakini mwisho wakachoka wao.

Siku ya kwanza ya meza hiyo ilikuwa kichekesho. Tuliwaomba majirani watangulie kugonga muhuri, maana ni wageni. Wao wakakataa, eti wenyeji kwanza. Adabu ikatushika pande zote, foleni ikafika kituo cha mafuta. Mzee Pitisha akaingia, akatuuliza kama tumekuja kuposa au kufanya kazi. Mgeni hapa, akasema, ni dereva.

Leo lori linapita kabla dereva hajamaliza soda yake. Wanawe nao wamepita. Binti mkubwa ni muuguzi nchi jirani, wa pili anafunga umeme nchi ya mbele yake, kitinda mimba kaolewa hukohuko. Kila mmoja alipoondoka, baba alimkagua begi kwa mkono wake, akitania kwamba mtoto wa forodha hana msamaha. Mama yao alifariki mwaka juzi. Tunaomsifu kwa kubaki ofisini hadi taa zizimwe, tusikie alivyoniambia mwenyewe juzi, huku akicheka: anaogopa kufungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Jamani, inauma.

Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea ataje friji. Akaomba ruhusa ya kuja kunywa nasi chai ya saa nne. Uongozi ukajibu, kwa heshima zote, kwamba asiye na kitambulisho cha kazi havuki geti. Loo! Shehena za nchi jirani zipite, aliyezifungulia njia abaki nje! Yeye alisema tu sheria ni sheria, akaenda kuosha kikombe chake.

Asante, Mzee wetu. Friji tumenunua hata hivyo. Tunakutakia afya na mapumziko mema, ila usitegemee utulivu: sisi na majirani tumeshapanga zamu, na kuanzia Jumatatu chai ya saa nne tutaileta kwako, wawili wawili. Jioni zako ndizo hatuna dawa yake. Nanyi wanawe, popote mnaposoma haya, njia aliyoifungua baba yenu inapitika pande zote mbili. Njooni.